Je, Safari ya Karata ni ya Baba Peke Yake?



Swali letu la leo ni hili: Je, ni dhambi mume kusafiri ng'ambo kwenda kushiriki mashindano ya karata? Wengine watacheka na kusema kwamba sisi wa Kenol, tunaohangaikia karo na bei ya kahawa, swali hilo halituhusu. Lakini simu imeileta Las Vegas hadi sebuleni mwetu. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri mechi 17 za kandanda. Mtu aliyezoea kubashiri hapa stejini akingojea matatu hakosi siku moja kutamani meza kubwa.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Katika poka, wachezaji huwekeana dau wao kwa wao, na mwenye ukumbi hukata sehemu yake. Mashindano yaitwayo World Series of Poker yalianza Las Vegas mwaka 1970. Kiingilio cha shindano lake kuu ni dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, kabla ya nauli, viza na hoteli. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, alifuzu kupitia shindano dogo la intaneti la dola 86, akashinda dola milioni 2.5. Mwaka huo washiriki walikuwa 839. Mwaka uliofuata wakawa 2,576. Mwaka 2023 walifika 10,043, na waliolipwa chochote ni 1,507 tu. Jina la mshindi hutangazwa duniani kote. Majina ya wale zaidi ya 8,500 walioondoka mikono mitupu yanajulikana nyumbani kwao.

Kanisa linafundisha nini? Katekisimu ya mwaka 1992, nambari 2413, haisemi kwamba kucheza karata au kuweka dau ni dhambi kwa kila hali. Inafundisha kwamba huwa kosa pale mtu anapojinyima mahitaji ya lazima, yake na ya wale wanaomtegemea. Tena inaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo haitoshi kusema karata ni za shetani, kisha tukafunga mazungumzo.

Baba mmoja aweza kujitetea: "Hata mkulima hucheza kamari. Hupanda bila kujua kama mvua itanyesha." Ni kweli kwamba wote wawili huthubutu. Lakini jirani yako akivuna vizuri, hajakupunguzia gunia lako. Mezani, shilingi ninayoshinda imetoka mfukoni mwa mwenzangu. Poka inahitaji ustadi, hilo tukubali; hata hivyo ustadi huo hauna faida bila mtu wa kushindwa. Jambo hili latosha kututia tahadhari, ingawa halitoshi kumhukumu mtu anayecheza kwa ziada yake.

Basi swali kubwa ni hili: fedha ni za nani? Mara nyingi tunasikia, "Nimezitafuta mwenyewe." Je, ni nani aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe na kuwaandaa watoto ili wewe uwahi kazini? Katika ndoa, jasho la mmoja limechanganyika na la mwenzake. Anayezichukua fedha za nyumba kwa siri anamwibia mwenzi wake, hata akirudi na gari jipya. Dereva anayepita magari mengine kwenye kona ya barabara ya Sagana na kufika salama hakutenda vema, alibahatika tu. Vivyo hivyo ushindi hauigeuzi karo iliyowekwa dau kuwa tendo jema.

Je, wakikubaliana wote wawili, yatosha? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania na Safira walipatana kabisa, na mapatano yao yakawa ya udanganyifu. Mapatano ni ya lazima, lakini pia jambo lenyewe liwe halali. Tena, mama aliyechoka akisema, "Haya, fanya upendavyo," hajakubali, amekata tamaa. Na kama yeye ameomba hija ya Subukia miaka mitano akaambiwa hakuna fedha, iweje za Las Vegas zipatikane?

Wanandoa wapendwa, kabla ya safari ya namna hiyo ketini pamoja, mzime simu, mjiulize mambo matatu. Kwanza, kiasi hiki chote kikipotea, je, kuna mtoto, mzazi au mdai atakayeumia? Pili, je, mwenzangu aweza kusema hapana bila kuogopa? Tatu, je, naweza kuzihesabu fedha hizi kuwa zimekwisha tumika, kama nauli ya matembezi, nisikope ili kuzifuata?

Mkiweza kujibu vema yote matatu, hiyo ni burudani yenu, na dhamiri itulie. Jibu moja likisitasita, bakini nyumbani. Na ninyi akina mama, msilicheke jambo hili kama la wanaume tu: fedha za chama nazo zaweza kubashiriwa kwa simu chini ya kanga.

Mungu azibariki nyumba zenu.