Mzaha wa Njiani: Je, Nao ni Mapendo?



Watu wengi hudhani ya kuwa wema una uso mmoja tu, nao ni uso uliokunjwa. Mtu akinyamaza na kuinamisha kichwa, husema: Huyu ni mwema. Mtu akicheka na wenzake barabarani, husema: Huyu ni mpuuzi. Leo tulichunguze jambo hili kwa utulivu. Mzaha wa watu wanaokutana njiani, wala hawajuani majina, una thamani gani? Je, ni upuuzi mtupu, ama ni sehemu ya mapendo?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa Goma, katika mtaa wetu uitwao Mapendo, upande wa Birere, wako watu wapitao kila siku mbele ya milango yetu, nao watatufundisha somo hili. Hao ndio waendesha chukudu.

1. Chukudu na watu wake

Kwa ajili ya wasomaji wa mbali, yafaa tueleze kidogo. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, na usukani wa mbao mfano wa pembe za ng'ombe. Kilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Magurudumu yake ni ya mti mgumu, yamevikwa mpira wa matairi yaliyochakaa. Hakina injini. Mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi. Penye mteremko hupanda na kushuka nacho. Penye mlima hukisukuma kwa mikono na kifua. Chukudu kubwa huchukua hata kilo 400 na zaidi: magunia ya makaa, viazi, kabichi, mbao, mikungu ya ndizi. Wengi wametoka nazo Kibumba, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya mji, kwa barabara ya Rutshuru ipitayo chini ya mlima Nyiragongo. Mji wetu umewaheshimu kwa kuwasimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu penye mzunguko wa barabara.

Sasa wasikilize wanapokutana. Kijana anayerudi na chombo kitupu humkuta mzee aliyelemewa na magunia, humpigia kelele: «Papa, leo umeihamisha Kibumba nzima?» Naye mzee hujibu pasipo kugeuka: «Hapana, mtoto wangu, nimekuachia mlima uubebe wewe.» Wote wawili hucheka, nao hupitana. Pengine hawataonana tena.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri kwa magari yenye kitanda na jiko ndani yake. Wakipishana barabarani hupungiana mkono, na wakilala mahali pamoja hutaniana juu ya magari yao kana kwamba walikua pamoja. Wale husafiri kwa mapumziko, wetu husafiri kwa chakula cha watoto. Lakini moyo ni ule ule: wenye chombo cha namna moja hujiona kuwa ndugu, na udugu huo huanza kwa kicheko.

2. Wenye hekima walisemaje?

Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, katika kitabu chake juu ya maadili, aliuhesabu mzaha mwema kuwa fadhila. Aliuweka katikati ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la mtu afanyaye kila kitu kuwa kichekesho, asijali anamwumiza nani. Kosa la pili ni la mtu mkavu, asiyecheka wala asiyependa mwingine acheke.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilifuata fundisho hilo, akaongeza mfano wa zamani juu ya Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, kisha mwingine, na mwingine. Ndipo akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu ya kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe.

Naye Tomaso alithubutu kusema neno ambalo wengi wetu hawalitazamii: mtu asiyechangia furaha ya wenzake, na kuizuia ile yao, ana kosa, maana amekuwa mzigo kwao. Lakini aliweka mipaka mitatu: mzaha usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimwondolee mtu kiasi chake, tena ufae kwa mtu, mahali na wakati.

3. Labda mtu atapinga

Labda mtu atasema: «Upendo gani huu wa watu wasiojuana? Rafiki wa kweli ni yule ajuaye shida zangu.» Neno hilo lina ukweli. Aristotle mwenyewe alitofautisha urafiki wa faida, urafiki wa furaha, na urafiki wa wema, akasema ule wa tatu ndio mkamilifu. Mzaha wa barabarani haujafika huko. Lakini mbegu si mti, wala hatuitupi kwa sababu hiyo. Anayemtania mgeni amekwisha kumwambia bila maneno: Nimekuona, najua uzito ulio nao, mimi nawe tu watu wa kazi moja. Ni wangapi wanaopita katika mji huu siku nzima pasipo kuambiwa hivyo na mtu?

Mwingine atapinga kwa neno zito zaidi: «Mzaha huumiza. Katika nchi yetu maneno yaliyoanza kwa kucheka yamekwisha kwa damu.» Hapa tusijibu kwa haraka. Barabara hiyo ya Kibumba imepitiwa na vita mwaka 2012, tena mwaka 2022, na mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Katika mji wenye majeraha ya namna hii, neno moja juu ya kabila la mtu, au juu ya pua yake, au juu ya mahali alikozaliwa baba yake, si mzaha hata likichekwa na watu mia. Tena yule anayelisema hujitetea upesi: «Nilikuwa nacheka tu.» Basi tutajuaje mzaha ulio mapendo na mzaha ulio dharau, maana vyote viwili vina kicheko?

4. Kipimo

Ndugu zetu wa Tanzania wana desturi iitwayo utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao leo ni watani, hutukanana kwa kucheka, wala hakuna anayekasirika. Mwaka 1940 mtaalamu Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliandika juu ya desturi za namna hii, akaonyesha jinsi urafiki na uadui wa mchezo unavyochanganywa ndani yake. Lakini tuangalie jambo moja. Mtani aliyeruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, ndiye pia mwenye wajibu wa kusaidia kazi za mazishi. Haki ya kutania na wajibu wa kubeba vimefungwa pamoja.

Waendesha chukudu wanaishika sheria hiyo ingawa haikuandikwa popote. Mtazame mmoja wao mzigo wake unapopinduka juu ya mawe meusi ya volkano. Wenzake huacha vyombo vyao, huinua magunia, hukaza kamba, huangalia kama mguu umeumia. Mzaha huja baadaye: «Viazi vyako vilichoka, vilitaka kupumzika.» Naye aliyeanguka hucheka, maana neno hilo limetoka kwa mtu mwenye vumbi la magunia yake mikononi. Lau wangecheka kwanza na kupita, maneno yale yale yangekuwa dharau.

Hiki ndicho kipimo tunachokitafuta. Mzaha ni mapendo unapotoka kwa mtu aliye tayari kuinua mzigo wa yule anayemtania. Mzaha wa kabila hushindwa hapo: anayemcheka mwenziwe kwa kuzaliwa kwake hana nia ya kumsaidia kubeba chochote, anataka kumwongezea. Tena mzigo wa magunia utashushwa sokoni jioni, na kesho utakuwa wa mwingine, hivi kwamba kila mmoja atataniwa kwa zamu yake. Mahali pa kuzaliwa hapashushwi sokoni.

5. Kwa walezi

Sisi tulio na watoto, nyumbani au darasani, mara nyingi twawaamuru: «Acheni kucheka!» na kazi yetu tunaona imekwisha. Afadhali tungeuliza: Mnamcheka nani, na baada ya kucheka mtamsaidia? Mtoto akimcheka mwenziwe aliyemwaga maji kisimani, asiadhibiwe kwa kicheko. Apewe jerikani aibebe pamoja naye, nao watacheka wote njiani. Akimcheka kwa kabila lake, hapo azuiwe siku ile ile, wala tusingoje akue.

Mtaa wetu umepewa jina kubwa, Mapendo. Jina haliwezi kuwalisha wenyeji wake wala kuwapatanisha. Lakini kesho asubuhi chukudu zitapita tena zikilia juu ya mawe, na mtu atamwita asiyemjua kwa neno la kuchekesha, huku akiweka bega lake nyuma ya mzigo. Msomaji mpenzi, ukiwa karibu, weka na lako.