Moto wa Ubongo na Thamani ya Mtu

Tunapomwona mtu aliyerukwa na akili akipita njiani, akisema peke yake na kucheka asichokiona mwingine, tumezoea kusema kwamba hana akili. Maneno hayo twayatamka kwa wepesi, kana kwamba kichwa chake ni nyumba tupu ambayo moto wake wa jikoni umezimika na wenyewe wamehama. Tukisha kuamini hivyo, hatuoni vigumu kumtenda tupendavyo: kumficha chumba cha nyuma, kumfunga kamba, kuwaachia watoto wamtupie mawe. Hata jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma ambako wagonjwa wengi wametunzwa, limegeuzwa katika vinywa vya watu kuwa neno la kumdhihaki mtu.

Basi juma hili twataka kulifikiri pamoja na wasomaji wetu swali hili: Je, thamani ya mtu hutegemea kazi ya ubongo wake? Tutalifikiri kwa kufuata maisha ya mtaalamu aliyetumia miaka yake ya ujana kuupima moto huo wenyewe, yaani nguvu ambayo ubongo huila ili kufanya kazi.

Mtaalamu huyo ni Seymour Kety, aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji wa Philadelphia, Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1940. Wakati huo waganga walijua kwamba ubongo hauwezi kuishi pasipo damu, lakini hapakuwa na njia ya kuaminika ya kupima, katika mtu aliye hai na macho, ni damu kiasi gani hupita humo kila dakika. Fuvu la kichwa ni kama ghala lililofungwa. Aliye nje hajui kinacholiwa ndani.

Kety na mwenzake Carl Schmidt walitafuta njia ya kupima pasipo kulifungua ghala. Mtu aliyepimwa alivuta kwa dakika 10 hewa iliyotiwa kiasi kidogo cha gesi ya nitrasi oksidi, ile ambayo waganga wa meno hutumia kutuliza maumivu. Damu kidogo kidogo ikachukuliwa katika mshipa uipelekao mwilini, na katika mshipa mkubwa wa shingoni uirudishao kutoka ubongoni. Kwa kulinganisha damu iingiayo na damu itokayo, waliweza kukadiria damu iliyopita, na oksijeni iliyobaki humo. Habari za kwanza za njia hiyo zilichapishwa mwaka 1945, na maelezo kamili yakafuata mwaka 1948.

Hesabu yao ilistaajabisha. Katika vijana wenye afya, kila gramu 100 za ubongo zilipitiwa na mililita 54 za damu kwa dakika, zikatumia mililita 3.3 za oksijeni. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,400 hivi, nao ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili. Walakini mtu akiwa amepumzika, ubongo wake hutumia karibu sehemu moja katika tano za oksijeni yote ya mwili. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mzee aketiye barazani bila neno anabeba kichwani moto usiopumzika. Hata alalapo moto huo hauzimiki, ingawa vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba hupungua katika usingizi mzito.

Mara baada ya kupata kipimo chake, Kety alikipeleka kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini yasiyo kweli. Wengi wangalitazamia kwamba ubongo wa mgonjwa wa namna hiyo ungeonekana umepoa. La hasha. Matokeo ya mwaka 1948 yalionyesha kwamba ubongo wao kwa jumla ulipitiwa na damu na kutumia oksijeni sawasawa na ubongo wa watu wenye afya. Wazo lililopotoka na wazo lililonyoka, yote mawili yalikuwa na gharama moja.

Miaka michache baadaye mwenzake kijana, Louis Sokoloff, akishirikiana naye na wengine, aliuliza swali la upande wa pili. Waliwapa watu hesabu za kufanya kichwani, wakawapima. Mwaka 1955 walitangaza kwamba ubongo kwa ujumla wake haukutumia oksijeni zaidi ya ulipokuwa umetulia. Kumbe basi, mwenye kupiga hesabu ngumu na mwenye kukaa kimya walikuwa wakila chakula kimoja.

Yafaa tuitazame vema maana ya mambo hayo. Kipimo kilisema ni kiasi gani. Hakikusema ni cha namna gani. Mwizi apangaye kuvunja duka usiku, na mama awazaye jinsi ya kumlipia mwanawe karo, hupewa na mwili posho ile ile. Ubongo hautozwi zaidi kwa wema wala haupunguziwi kwa uovu. Kwa hiyo ubora wa wazo hautafutwi katika nguvu iliyoliwa, bali katika neno lilowazwa na tendo lililofuata. Na hapo ndipo mtu mwenye hiari hulaumiwa au kusifiwa. Na mgonjwa ambaye hiari yake imefungwa na ugonjwa, tutamlaumuje?

Sokoloff ameandika kwamba babu yake alimshauri achague kazi ambayo mali yake yote itakaa kichwani. Walikuwa Wayahudi, na mzee aliona kwamba siku moja watesi wanaweza kuwanyang'anya vyote walivyo navyo, lakini kilichomo kichwani hakuna awezaye kukichukua. Ushauri huo ni wa busara, nasi tunao wa namna hiyo: akili ni mali. Lakini yuko mwizi mmoja ambaye babu hakumtaja, naye ni ugonjwa. Huyo huingia kichwani penyewe. Je, akisha kuichukua mali hiyo, mwenye nyumba amekuwa si mtu?

Wengine watajibu upesi: Si mmekwisha kusema kwamba moto wa mgonjwa wa akili ni sawa na wetu? Basi utu wake umethibitika. Hapo yatupasa kuwa waangalifu. Kety na wenzake walipima pia watu waliopoteza fahamu kwa ugonjwa wa kisukari, wakaona kwamba ubongo wao ulitumia karibu nusu tu ya oksijeni ya kawaida. Je, wao walikuwa nusu mtu? Hakuna mama ambaye angekubali neno hilo juu ya mwanawe aliyelala bila fahamu kitandani. Tukiupima utu kwa oksijeni, hatuna budi kuupunguza kila oksijeni inapopungua: kwa mgonjwa, kwa mzee aliyesahau majina ya wanawe, na mwisho kwa kila mmoja wetu. Kipimo cha Kety chaweza kutunyang'anya udhuru wetu wa uongo, kwamba ati kichwa cha mgonjwa ni kitupu. Hakiwezi kumpa mtu thamani yake, wala hakiwezi kumwondolea.

Kazi yenyewe haikukomea hapo. Sokoloff aliona kwamba hesabu ya jumla huficha mambo ya sehemu sehemu, kama vile hesabu ya mavuno ya wilaya nzima isivyoonyesha shamba lipi lilizaa. Akatumia deoksiglukosi, sukari inayofanana na ile iliwayo na ubongo, ambayo huingia katika chembe hai kisha hunaswa humo. Ikitiwa kaboni yenye mionzi, huonyesha katika ubongo wa mnyama sehemu zilizokuwa kazini. Njia hiyo aliitangaza na wenzake mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla, ndugu ya sukari hiyo, iliyotiwa florini yenye mionzi, ilikuwa imekwisha kutumiwa kwa mara ya kwanza kumpiga mtu picha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Leo sukari hiyo hutumika kutafuta saratani mwilini, hata katika hospitali za Nairobi. Vipimo vya namna hii vimeonyesha pia tofauti za hapa na pale katika ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia. Kwa hiyo ugonjwa huo ni ugonjwa kweli kweli, wenye mahali pake mwilini. Si tabia mbaya wala si ukaidi.

Kety naye alipoona kwamba oksijeni haikumfunulia chanzo cha skizofrenia, hakukipotosha kipimo ili kimpendeze. Alitafuta mlango mwingine. Nchini Denmark, ambako daftari za watu zilitunzwa vizuri, yeye na wenzake walichunguza habari za watoto walioasiliwa na kulelewa na wazazi wengine. Mwaka 1968 walionyesha kwamba ugonjwa ulionekana zaidi kwa ndugu wa damu wa mgonjwa kuliko kwa jamaa waliomlea. Havikusema kwamba urithi ndio kila kitu. Lakini katika miaka ambayo wataalamu wengi walimlaumu mama kwamba malezi yake ndiyo yaliyomtia mtoto wazimu, habari hiyo iliwapunguzia wazazi mzigo mzito wasiostahili.

Nasi huku mzigo huo twawatwika wazazi kwa namna nyingine. Huyu huambiwa amemroga mwanawe ili apate mali. Yule huambiwa ni malipo ya makosa ya ukoo. Wakisha kuambiwa hivyo, huona haya, humficha mtoto, na miezi ya matibabu hupita bure. Twawaomba wazazi wenye mgonjwa wa namna hii wampeleke hospitali mapema, kama wangalivyompeleka mwenye malaria. Twawaomba majirani waache kunong'ona, na waalimu wawakataze watoto kumcheka mgonjwa njiani. Aitwe kwa jina lake, asalimiwe kwa heshima ya umri wake, apewe sahani yake mahali pamoja na wenzake. Hayo hayahitaji mashine wala shahada, na mgonjwa hana budi kuyapata kwetu leo, kabla hajapona, na hata kama hatapona.