Nzuri, Ila

Kuna swali moja la usaili wa kazi ambalo sijakutana na mtu aliyelijibu kwa ukweli: "Una udhaifu gani?" Jibu lake linajulikana kuanzia Kasulu mpaka Dar es Salaam. Unasema unapenda kazi kupita kiasi, au hulali mpaka kila kitu kikamilike. Msailiwa anajua kwamba alichokitaja si udhaifu. Wasaili nao wanajua. Wanaandika alama, wanahamia swali linalofuata. Ninachotaka kuuliza ni kama hapo pana uongo, na kama upo, ni wa nani.

Nimelifikiria hili tangu mtoto wa mjomba wangu aitwe kwenye usaili wa shirika moja linalofanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa nyumbani Kasulu kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu ya uzamili, na katika ukoo wetu mtu akishafika chuo kikuu basi huhesabiwa kuwa anajua kila kitu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Akaja na daftari. "Dada, nisikilize, halafu uniambie wapi nachekesha."

Utetezi wa kwanza wa lile jibu la udhaifu ni kwamba hakuna anayedanganyika. Uongo, wanasema, unahitaji mtu wa kuuamini. Jibu ambalo pande zote mbili wanajua ni desturi linafanana na salamu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama nyumbani hakuna unga, na hakuna atakayekuita mwongo.

Nilikuwa naukubali utetezi huu mpaka nilipozisikiliza salamu zenyewe. Hapa kwetu ukimuuliza mama habari za asubuhi atakujibu, "Nzuri tu." Kimya kidogo. "Ila mzee hajalala, kifua kimembana." Hata aliyefiwa huanza na nzuri. Neno "nzuri" linaupisha mlango ufunguke kwanza, kisha "ila" inaingia na ukweli wote. Muulizaji anaingoja hiyo ila. Asipoingoja watu husema hana utu, amesalimia kama anayekimbizwa. Usaili umechukua nusu ya kwanza ya salamu ukaiacha ya pili. Unaulizwa, unajibu nzuri, na ukithubutu kusema "ila" unakatwa alama. Ndiyo maana sioni kwamba ni desturi ileile.

Lakini tusikimbilie kulaumu kujiandaa. Wako wanaoamini kwamba jibu la kweli ni lile linalotoka papo hapo, na kwamba lililokaririwa lina harufu ya hila. Anayeamini hivyo hajapanda basi kutoka Kigoma kwenda bara. Mtu wa mkoa wetu anaweza kuteremshwa kwenye kizuizi kwa sababu ya lafudhi yake tu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na sikio la afisa lisilozizoea haliwezi kuzitofautisha. Unaulizwa kijiji, kata, jina la mwenyekiti, babu yako alizikwa wapi. Wabunge wa Kigoma wamelisemea jambo hili mara nyingi. Kwa hiyo watu hujiandaa. Namfahamu mzee aliyewakalisha wajukuu zake jioni, kabla hawajasafiri kwenda shule, akawaulizauliza majina ya babu wa babu mpaka yakatoka bila kigugumizi. Majina yalikuwa ya kweli tangu mwanzo. Walichokuwa wanajifunza ni kuusema ukweli wakiwa wameogopa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ukweli pia hukaririwa. Mtoto wa mjomba wangu ni kijana anayejua kuzungumza mpaka watu wakasahau chakula, lakini mbele ya meza yenye watu watatu na Kiingereza hubaki na sentensi nne. Kumzoeza ni kumpa nafasi ya kuwa yeye mwenyewe mahali ambapo woga ungemfanya awe mtu mwingine. Sioni dhambi hapo.

Ugumu ulianza tulipofika kwenye uzoefu. Tangazo lilitaka mtu aliyewahi kufanya kazi na jamii ya wakimbizi. Yeye alikuwa ameuza maharage na ndizi kwa misimu mitatu sokoni karibu na kambi, kabla masoko ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji hayajaanza kubanwa. Nyarugusu ipo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo, na tangu 2015 Warundi waliingia kwa makumi ya maelfu. Katika soko lile alijifunza salamu za Kibembe, akajua nani anakopesheka, nani anasubiri mgao, na kwa nini mwanamke anayeishi peke yake huja mapema na kuondoka kabla ya jua kushuka. Hana cheti cha lolote kati ya hayo.

Rafiki yake wa steshenari, pale mjini panapochapwa CV za nusu ya vijana wa wilaya, alikuwa na njia fupi: cheti cha semina ya siku tano, jina lako tu linabadilishwa. Sisi tulikuwa na sentensi: "Kwa misimu mitatu nilifanya shughuli na jamii ya wakimbizi." Niliipenda. Kisha nikaanza kuiogopa, maana kila neno lake ni la kweli na bado ningeweza kumpoteza msikilizaji nayo.

Immanuel Kant, katika makala yake ya 1797, alikataa hata kumdanganya muuaji anayemtafuta rafiki yako uliyemficha ndani. Lakini hakudai kwamba kila ukweli lazima usemwe. Kunyamaza si kudanganya. Tofauti hiyo inatusaidia kiasi, ila inawafurahisha mno wanasheria. Sentensi ya kweli iliyotungwa ili usikie kisichokuwepo haiko mbali na uongo. Tulichokubaliana, baada ya jioni mbili, ni kuipima sentensi kwa swali la pili. Msaili akisema, "Shughuli gani hasa?" je, jibu litakalofuata litaikuza ile sentensi au litaivunja? Cheti cha steshenari kinavunjika hapo hapo: semina ilifanyika wapi, mwezi gani, nani alifundisha. Maharage hayavunjiki. Ukiyachimba unakuta soko, deni, lugha, watu.

Kipimo hiki si kamili, na aliyenionyesha ufa wake ni yeye. "Wakiniuliza nilikuwa nanunua nini?" Maana wakati mwingine alikuwa akipokea mafuta ya mgao kama malipo, kwa kuwa mwenzake hakuwa na shilingi. Shirika linalohusika na misaada halifurahii kusikia hivyo. Nikamwambia asianze nalo. Lakini akiulizwa, aseme. Akanitazama kwa muda. Kwangu lilikuwa jambo la falsafa. Kwake lilikuwa mshahara.

Kwa kuwa ni mshahara, hesabu lazima iingie. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, na waombaji walipita laki moja. Mwaka huohuo Marekani ilipunguza misaada yake, na mashirika yaliyokuwa yakiishi kwa fedha hizo yakapunguza watu, hivyo nafasi za kambini nazo zikawa haba. Mwenye kazi anapomwambia mwenzake "sema ukweli tu, Mungu atakusaidia" anatoa ushauri ambao gharama yake italipwa na mwingine. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni kwenye wateja wengi ni kweli. Mbele ya watu laki moja hata kizuri kitajitembeza, na hakuna haki ya kukicheka.

Hapa ndipo nadhani wasaili wana deni ambalo hatulitaji. Anayeuliza swali akijua kwamba jibu la kweli litaadhibiwa ameshiriki kuutengeneza uongo anaousikia. Haimwondolei msailiwa wajibu wake, maana mdomo ni wake. Lakini kuna maswali mengine ya kuuliza. Umewahi kushindwa kazi gani, ukafanya nini kesho yake? Swali hilo lina nafasi ya "ila" ndani yake.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya udhaifu na uzoefu. Nafasi aliyoiomba ingemweka pembeni ya meza, akitafsiri wakati mkimbizi anahojiwa. Huko kanuni imepinduliwa. Mkimbizi husimulia maisha yake mara nyingi, kwa maafisa tofauti, miaka tofauti. Tarehe ikibadilika, anatiliwa shaka. Simulizi ikitoka laini mno, kama iliyokaririwa, anatiliwa shaka vilevile. Msailiwa wa kazi asiyekariri anaonekana hakujali. Kijana yuleyule, akitoka kwenye chumba ambamo kujiandaa ni sifa, ataingia chumba ambamo kujiandaa ni dalili ya uongo, na atatakiwa kuyatafsiri maneno ya mama ambaye labda naye jana usiku aliwakalisha wanawe akawauliza majina ya babu wa babu.

Sidhani kuna mtu aliyekaa akaipanga tofauti hiyo. Imetokea tu, kwa kuwa upande mmoja wa meza hauulizwi. Nilimwambia kwamba akiipata kazi hiyo akumbuke daftari lake. Akasema, "Dada, kwanza niipate."

Siku ya usaili alivaa koti la mtumba tulilolipunguza mikono. Walimuuliza udhaifu. Anasema alijibu kwamba Kiingereza chake huchelewa anapoogopa, na kwamba hapo alipo anaogopa, ila akipewa muda kinakuja. Mmoja wa wasaili alicheka, si kwa ubaya, kasema yeye. Sokoni hawakugusa kabisa. Sentensi yetu ya jioni mbili ilipita bila swali la pili. Waliahidi majibu ndani ya majuma mawili. Sasa ni juma la tano, na asubuhi ameniomba vocha ya kumpigia mtu wa nafasi nyingine, huko Kibondo.