JE, KUFICHA MAUMIVU NI UVUMILIVU?



Nilifundisha miaka mingi, kwanza shule za msingi, kisha chuo cha ualimu. Miaka yote hiyo niliwaambia wavulana kwamba mwanamume halii. Mwaka jana nililazwa hospitalini kwa saratani ya utumbo mpana, ndipo nilipotambua kwamba fundisho langu lilikuwa na kasoro.

Zamani, kuondoa kipande cha utumbo kulihitaji mkato mrefu wa tumbo. Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo yaweza kufanywa kwa matundu madogo, kwa kamera na vyombo vyembamba, pamoja na mkato mfupi wa kutolea kile kipande. Ndivyo nilivyofanyiwa. Nikiwa katika nusukaputi, daktari wa usingizi alinichoma sindano za ganzi mbavuni, pande zote mbili, akiongozwa na mashine ya picha kama ile wanayopimiwa kina mama wajawazito. Dawa huwekwa kati ya tabaka za misuli, inapopita mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo, nayo kwa saa kadhaa haipeleki habari ubongoni. Hivyo mgonjwa aweza kuhitaji mofini kidogo zaidi. Mofini ni dawa njema, lakini huleta kichefuchefu na kuuzubaisha utumbo.

Usiku ganzi ikaisha. Muuguzi akaniuliza, "Mwalimu, maumivu ni ngapi katika kumi?" Nikajibu, "Mawili tu, mwanangu." Kweli yalikuwa saba. Niliona haya. Kwa sababu ya maumivu sikukohoa, sikuvuta pumzi sawasawa, wala sikukubali kutembea. Siku ya tatu nikashikwa na homa ya mapafu. Muuguzi yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, laiti tungalijua."

Wako wasemao kwamba maumivu yametoka kwa Mungu, na kuyaondoa ni kushindana naye. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wanawake klorofomu wakati wa kujifungua, wako waliompinga kwa Maandiko. Naye akawajibu kwa Maandiko: Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake.

Wengine husema maumivu ni kengele ya hatari, tusiizime. Ni kweli. Lakini daktari akijua kwamba kidonda kinauma kwa sababu alikikata yeye, kengele hiyo imekwisha sikiwa. Tena ganzi hii huzuia maumivu ya ukuta wa tumbo tu. Maumivu ya ndani bado husikika, na yakizidi yasemwe upesi, maana pengine mshono wa utumbo umeachia.

Basi uvumilivu u wapi? Naona ni kuyabeba yale yasiyoondoleka, huku ukitimiza wajibu wako: kuinuka kitandani mapema, kula kidogo, kutembea hatua chache. Tangu miaka ya 1990 daktari Henrik Kehlet wa Denmark ameonyesha kwamba mgonjwa aliyetulizwa maumivu vizuri, akala na kutembea mapema, hupata nafuu upesi. Mimi nilikataa msaada, nikauita ukaidi wangu uvumilivu. Nilimwambia uongo mtu aliyekuja kunisaidia, na gharama wakailipa wengine: wagonjwa waliongojea kitanda changu, na binti yangu aliyekosa kazini wiki nzima zaidi.

Najua hospitali zetu nyingi hazina mashine ile wala daktari wa usingizi. Lakini kumwuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani hakuhitaji mashine, wala kumjibu kweli.

Ninyi niliowafundisha, ambao sasa mna watoto na wajukuu, nawaomba msamaha. Wafundisheni ushujaa, naam, lakini muwafundishe pia kwamba panapouma, mtu aseme panauma.