Anachokijua Mtoto Kabla ya Shule

Nilipochaguliwa chuo cha ualimu baada ya kidato cha nne, jirani yetu mmoja alikuja kumpa mama pole. Kwa wengi hapa Lindi, ualimu wa msingi ni wa aliyekosa pa kwenda. Mimi niliuomba mwenyewe, na sababu ni babu yangu mzaa mama, aliyesomesha madrasa barazani kwake mpaka macho yalipogoma.

Mtoto mpya akiletwa, babu hakuanza na alifu. Alimkalisha ubavuni pake akamuuliza: kwenu mna kuku wangapi? Ukitumwa dukani unapita njia gani? Wazazi wengine waliona anapoteza wakati. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: sisi tunaamini kila mtoto huzaliwa katika fitra, basi Mungu ameshamtangulia mwalimu kwa huyu mtoto, na adabu inataka uulize alichopewa kabla hujaongeza chako.

Sasa nafundisha darasa la kwanza, na maneno hayo yamenigeukia swali. Kama Mungu amenitangulia, nina haki gani ya kumpima mtoto kabla sijajua alichonacho?

Chuoni, kwenye falsafa ya elimu, tulisoma habari za Socrates katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno. Socrates anamwita kijana mtumwa asiyewahi kusoma hesabu, anamchorea mraba na kumtaka apate mwingine wenye eneo mara mbili ya huo. Kijana anasema: ongeza upande uwe mara mbili. Anakosea, anaulizwa tena, anakwama, na maswali yanamfikisha kwenye jibu: mraba unaojengwa juu ya mshazari wa ule wa kwanza. Plato anadai roho hukumbuka iliyoyajua kabla ya kuzaliwa. Hapo imani yangu na yake zinaachana. Linaloniuma zaidi ni jingine: kijana yule hatajwi jina. Ameonyesha akili yake mbele ya watu wazima, kisha mazungumzo yanaendelea kana kwamba hayupo. Kujua kwa mtoto kunaweza kugunduliwa na bado mtoto mwenyewe asionekane.

Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, aliugusa ugonjwa huu katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alilalamika kwamba shule inamfanya mwanafunzi aamini elimu yote ya maana iko vitabuni na kwa wasomi, na hekima ya wazee haihesabiki. Naamini dharau hiyo huanza mapema mno, siku ile mtoto anapogundua kwamba mambo ya nyumbani kwao hayaulizwi darasani.

Nina mwanafunzi ambaye jioni humsaidia mama yake gengeni. Darasani, kumi kutoa saba ilimfunga mdomo. Gengeni nilichukua fungu la nyanya la mia tatu na vitunguu vya mia mbili, nikatoa elfu moja. Mia tano ilikuwa mkononi mwangu kabla sijafunga pochi. Kesho yake nikamwambia: nimekupa elfu kumi, nimechukua mchele wa elfu saba. "Elfu tatu, mwalimu." Nikaandika ubaoni, nikamwonyesha alama ya kutoa. Akaitazama, akasema, "Kumbe hiki kimstari ni chenji?"

Wenzangu ofisini wananiambia darasa ni kubwa, dawati moja wamebanana wanne, na azimio la kazi halimsubiri mtu. Wanasema kweli. Na yako mambo ambayo hakuna mtoto anayezaliwa nayo: umbo la herufi m hawezi kulitoa moyoni mwake, lazima afundishwe na arudie. Babu mwenyewe alituimbisha alifu, bee, tee mpaka koo zikakauka. Kukariri sikuoni kuwa dhambi. Ninachokikataa ni kumhukumu mtu ambaye hajasikilizwa, na alama ya kosa ni hukumu: mimi naiweka kwenye jibu, mtoto wa miaka sita anaisoma kuwa ni yeye.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kosa nauliza, "Umepataje?" Swali hili linakula dakika, na sina dakika nyingi. Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika kwamba kumi na mbili kujumlisha tano ni nane. Nikamuuliza. Akaweka kidole kwenye tarakimu moja baada ya nyingine: moja, na mbili, na tano. Nane. Hakuruka kitu na hakubahatisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ile moja, ikikaa mahali pale, ni kumi. Lile lilikuwa deni langu kwake. Tukahesabu vijiti kumi, tukavifunga kwa kamba ya mgomba, nikaliweka bunda juu ya ile moja. Akalishika, akaniuliza kama mia nayo ina bunda lake. Kengele ilishalia na wenzake walikuwa wanatoka. Nikamwambia abaki, tutafute vijiti.