Mfalme Aliyehesabu ya Leo

Mwaka 1923 ilikuwa vigumu kupata Chicago bendi ya jazz ya kuifikia ile ya Joe Oliver. Mwaka 1938 Oliver huyohuyo alikufa Savannah, jimbo la Georgia, akiwa mfagizi katika ukumbi wa kuchezea pool. Ukitafuta ajali moja ya kuibebesha lawama yote, huipati. Alishuka ngazi kwa ngazi, na karibu kila ngazi ilikuwa na mahali pa kusimama na kugeuka. Ndiyo maana habari zake zinamfaa yeyote anayeongoza wenzake, iwe kwenye bendi, duka au chama.

Oliver alizaliwa Louisiana katika miaka ya 1880 na kukulia New Orleans. Huko matarumbeta yaliongoza maandamano na mazishi mchana, na usiku wapigaji walewale wakahamia kwenye kumbi za dansi. Chombo chake kilikuwa korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Alikuwa na pumzi ya kutosha, lakini sifa yake ilitokana na namna alivyoizuia. Aliuziba mdomo wa korneti kwa kikombe, glasi au kile kizibo cha mpira cha kuzibulia sinki, kisha akakisogeza huku na huku mpaka chombo kikanung'unika, kikalia, kikasema. Kid Ory, kiongozi wa bendi aliyempa kazi, alimtangaza kwa jina la "King", yaani Mfalme, na jina likamganda.

Katika ujuzi hakuwa mchoyo. Kulikuwa na kijana maskini aliyekuwa akitumwatumwa na Stella, mke wa Oliver, na ujira wake ukawa chakula na masomo ya korneti. Oliver alimpa hata korneti yake kuukuu. Kijana huyo, Louis Armstrong, alimwita Papa Joe tangu siku hizo hadi mwisho.

Mwaka 1918 Oliver alihamia Chicago, wakati Wamarekani Weusi kwa maelfu walipokuwa wakiikimbia Kusini yenye ubaguzi na kufuata kazi za viwanda vya kaskazini. Mwaka 1922 bendi yake, Creole Jazz Band, ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa Lincoln Gardens, naye akampelekea Louis simu ya maandishi aje awe mpiga korneti wa pili. Johnny Dodds alipuliza klarineti, mdogo wake Baby Dodds alipiga ngoma, Honoré Dutrey alishika tromboni na Lil Hardin akakaa kwenye piano. Wanamuziki wa mji walijaa ukumbini kusikiliza jinsi korneti mbili zilivyochomoza pamoja, bendi nzima ikinyamaza, na kupiga kifungu kilekile kana kwamba kilikuwa kimeandikwa. Siri ilikuwa vidole vya Oliver: muda mfupi kabla, alimwonyesha Louis juu ya vali za korneti ni noti zipi zinakuja. Aprili 1923 walikwenda Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi kwa kampuni ya Gennett. Kipande cha Oliver peke yake katika "Dippermouth Blues" kiliigwa na wapiga tarumbeta kwa miaka mingi.

Bendi hiyo haikudumu. Kwa simulizi ya Lil Hardin, Johnny Dodds aligundua kwamba Oliver alikuwa akipokea dola 95 kwa wiki kwa kila mwanabendi, naye akiwalipa 75. Ishirini za kila mmoja zilibaki kwake, wiki baada ya wiki. Ugomvi ukawa mkali hata wakatishia kumpiga, na Oliver, anasema Lil, akawa anakuja kazini na bastola ndani ya kasha la korneti. Kulikuwa pia na manung'uniko kuhusu malipo ya santuri, kwa kuwa hawakuonyeshwa hundi. Akina Dodds na Dutrey wakaondoka. Louis alibaki kwa mapenzi tu.

Hata mapenzi hayo Oliver aliyawekea hesabu yake. Lil anasimulia kwamba Oliver alimkiria kuwa Louis anapiga vizuri kumshinda, lakini maadamu yuko chini yake hataweza kumpita, na yeye ataendelea kuwa mfalme. Lil, aliyefunga ndoa na Louis Februari 1924, hakulisahau neno hilo. Alimsukuma mumewe ajitoe, na kabla mwaka haujaisha Louis alikuwa New York katika bendi ya Fletcher Henderson. Dola 20 zilizofichwa ziliivunja bendi ambayo fedha zisingeweza kuiunda tena. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Oliver akaunda bendi nyingine na kwa muda mambo yakamnyookea. Mwaka 1927 alifika New York, na hapo ukaja mtihani wa pili. Cotton Club, ukumbi wa Harlem ambako wapigaji walikuwa Weusi na wateja Wazungu watupu, ulitafuta bendi ya kudumu. Oliver alitakiwa. Akaona malipo ni madogo kwa bendi ya watu wengi, akakataa. Kwa hesabu ya wiki ile hakukosea, kwa kuwa kiongozi anayekubali bei ya kuwanyima watu wake chakula naye ana lawama. Lakini ukumbi ule ulikuwa ukitoa kitu kisichoandikwa kwenye mkataba: muziki wake ulirushwa na redio hadi miji ya mbali. Desemba 1927 kazi ikachukuliwa na Duke Ellington, aliyekuwa bado hajulikani sana, na redio ikamfanya ajulikane nchi nzima. Uchungu zaidi ni kwamba sauti iliyoipambanua bendi ya Ellington, ile tarumbeta inayonguruma nyuma ya kizibo, ilipigwa na Bubber Miley, aliyeipata kwa kumsikiliza Oliver Chicago. Mbegu ni ya Oliver, mavuno ya mwingine.

Wakati huo mdomo nao ulikuwa umeanza kumdai. Oliver alipenda vitu vitamu, na chakula alichosifika nacho kilikuwa mkate uliojazwa sukari. Fizi zikaugua, meno yakalegea. Mpuliza korneti huibana midomo kati ya chuma na meno, hivyo jino linalotikisika humharibia kazi mapema kuliko msumari unavyomharibia dereva gurudumu. Katika santuri zake za mwaka 1929 na 1930, sehemu nyingi za kupiga peke yake aliwaachia vijana. Baada ya 1931 hakurekodi tena.

Ni haki kusema kwamba si yote aliyoyapanda mwenyewe. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 uliua kumbi na kuzika benki, na akiba yake ya Chicago ikaenda na benki iliyofilisika. Mwanamuziki Mweusi aliyezunguka Kusini enzi zile alibaguliwa hotelini na kudhulumiwa na waandaaji. Wapo wengi waliokuwa waangalifu na bado wakaanguka. Hata hivyo, shida ilipofika ilimkuta Oliver hana meno, hana ukumbi wa kudumu, na hana wale wenzake ambao kwa hiari yao wangevumilia naye njaa. Basi la bendi likaharibika njiani, wapigaji wakamtoroka mmoja mmoja, na safari ikaishia Savannah.

Louis Armstrong, sasa nyota wa dunia, alimkuta huko mwaka 1937 akiuza mboga barabarani. Akampa fedha, na usiku Papa Joe akaja kwenye onyesho amevaa vizuri. Baadaye akawa mfagizi wa ule ukumbi wa pool, akiufungua saa tatu asubuhi na kuufunga saa sita usiku. Katika barua kwa dada yake alieleza kwamba ameanza kuweka akiba kwenye kibubu, kimefika dola 1.60, na hataigusa mpaka apate nauli ya kurudi New York. Aprili 1938 alikufa kwa damu kuvuja ubongoni, akiwa na shinikizo la damu asiloweza kulipia matibabu. Dada yake alilipa gharama za kumsafirisha hadi New York, na fedha za jiwe la kaburi hazikubaki.

Kosa la Oliver lilikuwa moja katika sura tatu. Alihesabu kinachoingia leo na hakuhesabu kinachotoka kwa sababu hiyo. Leo dola 20, kesho bendi. Leo bei ya heshima, kesho redio. Leo utamu, kesho mdomo wenyewe.

Anayeongoza wenzake aanze basi na daftari. Kila onyesho likiisha, kilichoingia kisomwe mbele ya wote, na fungu la kiongozi lisomwe pia. Kazi ikija kwa bei ndogo, kabla ya kukataa aulize itasikika wapi na nani ataichukua akiiacha. Na kiungo kinachompa riziki akipeleke kwa daktari kingali kinafanya kazi.

Kiongozi kuchukua sehemu kubwa si aibu. Bendi ilikuwa ya Oliver, jina lililojaza ukumbi lilikuwa lake, na aliyewakusanya wote wale ni yeye. Angeidai sehemu hiyo waziwazi, huenda wangempa bila kinyongo. Aliichukua kwa siri, wakamnyima hata uaminifu aliokuwa ameustahili.