Maji Kwanza, Ndipo Samaki

Kiumbe aliye mikononi mwetu anapokufa, je, Mungu ndiye aliyemtwaa, au sisi ndio tuliomwacha afe? Swali hili ni zito, na wengi wetu tumelikwepa mara nyingi tukiwa tumesimama makaburini. Nyumbani kwetu hapa Ihembe lilikuja kwa njia ya samaki mmoja mwenye urefu wa kidole, na aliyeliuliza ni mtoto wa darasa la nne.

Rafiki yetu mmoja, mtumishi wa serikali aliyekuwa akihama Kayanga, alituachia tangi la kioo la kufugia samaki. Lilikuwa limetumika miaka mingi. Kona moja ilivuja, na vioo vilikuwa na utando mweupe unaoachwa na maji yenye chumvichumvi. Lilichukua lita 20, yaani dumu moja. Watoto walifurahi sana. Wiki ileile ndugu yetu aliyekuwa akitoka Mwanza akatuletea samaki wa mapambo aina ya beta, dume la rangi ya buluu lenye mapezi marefu yanayopepea kama kanga kwenye kamba. Alisafiri ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana.

Tulifanya kila kitu kwa haraka. Tuliziba kona kwa silikoni, tukaosha vioo kwa sabuni ya unga, tukajaza maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, na kesho yake jioni tukamtia samaki ndani. Siku ya tano asubuhi tulimkuta amelala ubavu chini ya maji. Binti yetu alilia. Sisi, kwa mazoea ya kazi yetu, tukamfariji kwa ungamo la Ayubu siku alipofiwa na watoto wake, kwamba aliyempa ndiye aliyemchukua. Mtoto akafuta machozi, akauliza, "Baba, Mungu ndiye aliyeosha tangi kwa sabuni?"

Tulinyamaza. Baadaye tulianza kuuliza na kusoma, na kila tulichojifunza kilikuwa shahidi dhidi yetu.

Beta ni samaki wa nchi za joto. Asili yake ni Thailand na nchi jirani, katika mashamba ya mpunga, mifereji na maji yanayotulia. Anahitaji maji ya nyuzi joto 24 hadi 28 hivi. Usiku wa Karagwe ni wa kulalia blanketi, na sisi tulimweka karibu na dirisha bila kipasha maji. Sabuni hujificha kwenye maungio ya tangi, na kiasi kidogo tu hudhuru matamvua ya samaki. Tangi lililotumika husuguliwa kwa siki na kusuuzwa mara nyingi kwa maji matupu. Silikoni nayo huachwa ikauke kabisa, kisha tangi hujazwa maji na kuangaliwa siku nzima au zaidi kama linavuja, kabla ya kiumbe yeyote kuingia. Maji ya mvua ni laini kupita kiasi, hayana madini ya kutosha. Maji ya bomba yenye klorini nayo yana hatari yake, hivyo huachwa wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kutumika.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni lile lisiloonekana kwa macho. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Mtoni sumu hiyo husombwa na maji mengi na kuliwa na bakteria. Ndani ya tangi jipya bakteria hao hawapo bado. Huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye changarawe na kwenye kichujio, ndipo waweze kuigeuza amonia kuwa kitu kisichodhuru sana. Mfugaji mwenye subira hujaza tangi, huweka mimea, hudondosha punje chache za chakula ili zioze na kuwalisha bakteria, kisha husubiri. Mtu akipita ataona tangi tupu. Kwa kweli kazi kubwa kuliko zote inaendelea humo.

Tuliposoma hayo tulirudi kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo, ambayo tumeihubiri mara nyingi, tukaona jambo ambalo hatukuwa tumelizingatia. Mungu hakuumba samaki siku ya kwanza. Alitanguliza nuru, akatenga maji, akayakusanya mahali pake, akaotesha mimea, akaweka jua na mwezi kutawala majira. Siku ya tano ndipo maji yakajaa viumbe. Makao yalitangulia, mkaaji akafuata. Na mwanadamu alipopewa mamlaka juu ya samaki wa baharini, alipewa na huyo Mungu aliyeandaa maji kwanza. Sura ya pili inaeleza mamlaka hayo yanavyofanya kazi: mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza.

Wafugaji wa hapa kwetu wanalijua jambo hili kuliko wachungaji wao. Mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulipowafikia wakulima wengi wa mkoa wetu, mtu hakukabidhiwa mtamba kwa sababu ametabasamu vizuri. Alitakiwa kwanza ajifunze, ajenge banda, apande majani ya malisho. Wapo waliolalamika kwamba wanacheleweshwa. Lakini sababu yake ni ya haki. Ng'ombe anayetembea porini hujitafutia majani na maji. Ukimfunga bandani umemwondolea uwezo huo, na kuanzia saa hiyo deni lake lote liko kwako. Akilala njaa, hawezi kulalamikia kilima wala mto. Kilichopo mbele yake ni mlango wa banda na mtu mwenye ufunguo.

Hapo ndipo jibu la swali la binti yetu lilipoanza kuonekana. Zaburi ya 104 inasema viumbe wote humngojea Mungu awape chakula chao kwa wakati wake. Beta aliye kwenye mfereji wa Thailand humngojea Mungu kwa njia ya mvua, jua na wadudu wa majini. Beta aliye kwenye kioo cha Ihembe humngojea Mungu huyohuyo, ila njia iliyobaki ni mkono wetu tu. Martin Luther alifundisha kwamba kazi za watu ni kama barakoa za Mungu: yeye ndiye anayelisha na kulinda, akiwa amejificha nyuma ya mkulima, mama na jirani. Fundisho hilo hutufariji tunapopokea. Linapaswa kututetemesha tunapotoa, kwa sababu barakoa ikikataa kazi yake haina haki ya kusema kwamba Mungu ndiye aliyekataa.

Kwa hiyo tulimwita mtoto, tukamwambia ukweli. Samaki alikufa kwa sababu ya haraka yetu. Hatukuwa tumemwandalia makao. Tulimkosea yeye, na tulimkosea Mungu aliyemuumba, kisha tukaongeza kosa la tatu kwa kumsingizia Mungu. Tukaomba msamaha pamoja, jioni, kabla ya kula.

Tunajua baadhi ya wasomaji watasema, "Mchungaji, huyo ni samaki tu." Mama mmoja wa umoja wa wanawake alituambia hivyo usoni, tena kwa haki. Aliuliza kwa nini nyumba ya mchungaji ihangaikie samaki asiyeliwa wakati wapo wanaopanda kilima na dumu kichwani. Tunaliheshimu swali lake. Samaki huyu hubadilishiwa lita tano kwa wiki, na maji yanayotoka humo humwagiwa mchicha, ambao huyapenda kwa mbolea yake. Lakini mama huyo hakuwa akiuliza hesabu ya maji. Alikuwa akiuliza kama moyo wetu una mpangilio mzuri. Tunakiri kwamba anayembembeleza samaki na kumpita jirani amepotea. Hata hivyo, Bwana Yesu alipotaka kuonyesha jinsi Baba anavyotujali alichagua shomoro, ndege waliouzwa sokoni watano kwa senti mbili, akasema hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa. Hakuwatumia shomoro kwa kuwadharau. Asiyesahau kidogo ndiye tunayemwamini asisahau kikubwa, na mtu aliyezoea kumsingizia Mungu juu ya samaki atamsingizia juu ya mambo makubwa pia.

Tazameni Ziwa Viktoria, lile ambalo barabara yetu inaliendea inaposhuka Bukoba. Lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, watu walipandikiza sangara humo. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wameongezeka mno, na pamoja na uchafuzi wa maji, aina nyingi za furu zilitoweka. Sangara ameleta viwanda, ajira na ada za shule, na hatuwezi kuwabeza wanaomtegemea. Lakini hakuna anayeweza kusimama ufukweni na kusema kwamba furu walitwaliwa na Mungu. Mkono wa mtu ulikuwapo. Na jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya aina hizo zimeendelea kuishi hadi leo ndani ya matangi ya kioo, katika bustani za wanyama na maabara za Ulaya na Marekani, kwa sababu wapo watu waliokubali kuwabadilishia maji wiki baada ya wiki. Kioo kilekile kinaweza kuwa jeneza au safina. Tofauti iko kwa anayekitunza.

Sasa twende makaburini, maana ndiko swali letu lilikoanzia. Ni mara ngapi tumemzika kijana wa bodaboda aliyepanda bila kofia ngumu, tukasema siku zake zilikuwa zimefika? Ni mara ngapi mtoto ametumbukia kwenye kisima kisicho na mfuniko, kisha baada ya mazishi kisima kikabaki wazi vilevile, kwa sababu tumekwisha kukubaliana kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu? Maneno ya Ayubu ni ya kweli yakitoka kinywani mwa Ayubu, aliyepoteza kila kitu bila kosa lake. Yakitoka kinywani mwa mwenye kisima, ni pazia.

Ubaya wa pazia hilo ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Injili inatangaza msamaha wa dhambi. Haitangazi msamaha wa bahati mbaya, kwa kuwa bahati mbaya haihitaji kusamehewa. Nikiligeuza kosa langu kuwa mapenzi ya Mungu, sijajipunguzia mzigo. Nimeuficha mahali ambapo msamaha hauwezi kuufikia. Ndiyo maana kila Jumapili ibada yetu huanza na maungamo. Kanisa linatufungulia mlango wa kusema "tumekosa" ili tusilazimike kutafuta wa kumlaumu mbinguni.

Lakini tunaomba sana mtu asiichukue kalamu hii akawachome nayo waliofiwa. Wapo akina mama waliofanya kila kitu, waliowahi hospitali, waliokesha, na mtoto akafa. Marafiki wa Ayubu walikosea kwa kumtafutia hatia asiyokuwa nayo, na wanafunzi wa Yesu walikosea walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi. Swali la binti yetu kila mmoja ajiulize mwenyewe, tena kimya. Si swali la kumuuliza jirani akiwa msibani.

Tangi halikutupwa. Tulilisugua kwa siki, tukaziba upya ile kona, tukapata kipasha maji kidogo na kichujio kinachosukuma maji polepole, kwa sababu beta hapendi mkondo mkali. Tukaacha nafasi ya hewa chini ya mfuniko, maana samaki huyu hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Kisha tukasubiri wiki sita, watoto wakilalamika, wageni wakiuliza kwa nini tunafuga maji. Umeme ulipokatika usiku tulilifunika tangi kwa blanketi kuukuu.

Beta wa pili sasa ana miezi minane nyumbani kwetu. Yuko peke yake, kwa sababu madume wawili hupigana. Hatutamwachia mtoni hata tukihamishwa usharika, maana sangara ametufundisha. Tukiondoka, tutamtafutia mtu ambaye tangi lake liko tayari.

Binti yetu ndiye anayemlisha, punje mbili asubuhi na mbili jioni. Juzi alimweleza mwenzake wa darasani kazi ilivyo, akaanza hivi: "Kwanza unaandaa maji." Wapendwa, kabla hatujaomba Mungu atupe mtoto, mtamba, kijana wa kazi za nyumbani au mshirika mpya kanisani, tuangalie kwanza kama kuna makao tuliyomwandalia. Na pale tulipochelewa, tusiseme Mungu ametwaa. Tuseme tumekosa, tusamehewe, kisha tukafunike kisima.